Mikaratusi ya Machogu Yaenda Kuogelea

Jumapili moja ya Agosti, baada ya chai ya saa nne, kamati ya matembezi ya familia ya Machogu ilikutana uani, Gesima. Sisi watu wa huku, hata kupumzika lazima tukuundie kamati kwanza. Mwenyekiti alikuwa Machogu mwenyewe. Mdogo wake Anyona aliwekwa makamu kwa sababu ndiye mwenye pikapu, na Lavender, binti wa Machogu, akawa katibu kwa sababu amesoma. Bochaberi, mke wa Machogu, alikuwa mwanakamati wa kupika.

Ajenda ilikuwa moja: waende bustani ya maji ya Nyamira au ya Kisii? Machogu alitetea ya Nyamira kwa kuwa pale mtu anaruhusiwa kuingia na chakula chake, na Mkisii hawezi kuogelea kwa raha akijua kuku wake amezuiwa langoni. Anyona alitaka ya Kisii, yenye mitelezo mirefu, ili picha ziwaumize watu fulani wa kanisani. Walibishana mpaka chai ikapoa.

"Shemeji, na wewe unasemaje?" Anyona akauliza mwishowe.

"Popote, bora maji yawe mengi," akasema Bochaberi. "Mimi maji nayabeba kichwani tangu niolewe. Nataka siku moja tu, na yenyewe yanibebe."

Wanaume walicheka, wakarudia ubishi wao. Hapo ndipo mikaratusi ilipopanda kutoka bondeni.

Machogu aliipanda mwenyewe kuizunguka chemchemi ya boma, kwa kuwa palikuwa na unyevu na miti ingekua upesi. Ilikua upesi. Chemchemi ikakauka, na Bochaberi akaanza kwenda kuteka kwa jirani, ng'ambo ya kilima. Kwetu mwanamume hupanda miti na mwanamke huteka maji, na mambo hayo mawili hayajawahi kuwekwa kwenye ajenda moja.

Miti ilisimama nyuma ya kikao kwa adabu, udongo ukidondoka mizizini. Lavender akaiandika kama wageni. Kura zilipoitishwa, yote iliinamia upande wa Kisii, na hoja ikapita. Sisi hatuna mazoea ya kuwauliza wapiga kura wametoka wapi.

Walisafiri Jumapili iliyofuata. Pikapu ilitangulia, na mikaratusi ikafuata kwa miguu, ikishika upande wake wa barabara. Karibu na Keroka askari aliwasimamisha.

"Mzee, kibali cha kusafirisha miti kiko wapi?"

"Siisafirishi, afande. Inaenda yenyewe."

Askari aliitazama, akawaza kidogo, akaona sheria haikusema lolote kuhusu hilo. Akawapungia mkono wapite.

Bochaberi alikuwa amenunua vazi la kuogelea la buluu kwenye mitumba, na tangu alfajiri alikuwa amelivaa chini ya gauni, hata alipokuwa akimnyonyoa kuku. Alikuwa na furaha ya msichana, wala hakuificha. Njia nzima aliimba nyimbo za kanisani, na Machogu akamwambia apunguze sauti, watu wasije wakadhani wanaenda mazishini.

Bustani ya Kisii ilikuwa kama Anyona alivyoisifu. Bwawa lilijaa hadi ukingoni. Bochaberi aliketi pembeni, akaanza kufungua viatu. Mikaratusi ilipanga foleni, ikashuka kupitia upande wa kina kirefu, mmoja baada ya mwingine, bila kurusha hata tone. Alipomaliza kiatu cha pili, bwawa lilikuwa limekauka.

Meneja, kijana aitwaye Sahil, alikuja na wavu wake wa kuokota majani, akaokota majani.

"Hii miti ni yako, mzee? Haikusumbui?"

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," Machogu akajibu kwa fahari, akageukia familia yake. "Si nilisema twende Nyamira?"

Wakaenda Nyamira. Mikaratusi, sasa ikiwa na nguvu, iliipita pikapu mlimani. Walipofika, mfanyakazi mmoja alikuwa ndani ya bwawa anafagia vumbi. Lakini lango lilikuwa wazi kwa chakula kama Machogu alivyoahidi, kwa hiyo wakaketi kwenye ukingo wa bwawa tupu, miguu ikining'inia, wakala kuku. Anyona alipiga picha, akizungusha simu ili sakafu isionekane. Bochaberi alitafuna taratibu, vazi la buluu likiwa bado kavu chini ya gauni. Akasema kuku ameiva vizuri.

Jioni mikaratusi ilikuwa imerudi bondeni, kila mmoja mahali pake. Machogu alishuka kuikagua. Alijaribu kuikumbatia mmoja mmoja, na mikono haikutosha tena. Bochaberi alimfuata.

"Baba Lavender, kata mmoja tu. Huu hapa, uliosimama mdomoni mwa chemchemi. Pengine maji yatarudi."

"Leo? Baada ya kunenepa hivi?" Machogu aliumia kweli. "Mama Lavender, wewe huna huruma."

Akapanda kwenda nyumbani, na kutoka mlangoni akaita kwamba amejaa vumbi la barabara na anahitaji maji ya kuoga, yawe ya moto.

Bochaberi alichukua mtungi wa lita ishirini, akashika njia ya kwa jirani. Kabla hajafika juu ya kilima alisikia majani yakichakacha nyuma yake. Hakugeuka. Alifika kwenye chemchemi ya jirani, akachota haraka haraka, akajitwika. Kisha akasogea kando ya njia, maji yakimtiririkia shingoni, akaupisha mti ushuke majini.