Magoti Mbele ya Mtwale

Benigna Mutembei alipoanza kutengeneza mchezo wa simu wa Mwalo, jambo lililomsumbua zaidi halikuwa picha wala sauti. Lilikuwa serikali. Mwenzake Privatus, fundi wa programu, aliweza kuchora ziwa, mitumbwi na migomba mpaka mtu akasahau kwamba anaangalia simu. Lakini nani angegawa ardhi? Nani angepanga bei ya dagaa? Mchezo huo ungechezwa mtandaoni na maelfu ya watu kwa pamoja, kutoka Kagera hadi Mombasa, na Benigna alitaka wajitawale wenyewe.

Kazi waliifanyia katika chumba cha uani nyumbani kwa mama yake, Buhembe. Aliyemsaidia kuandika katiba ya mchezo alikuwa mchumba wake, Clavery Byarugaba, mwalimu wa Uraia katika sekondari moja ya Kamachumu. Clavery alikuwa akija Jumamosi, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kueleza taratibu: kila kisiwa kiwe na baraza, baraza lichaguliwe kwa kura, na likishachaguliwa litunge sheria lenyewe.

"Sheria yoyote?" Benigna aliuliza.

"Yoyote. Ukiwawekea mipaka, hiyo ni serikali yako, si yao. Tumeelewana, au hatujaelewana?"

Benigna akacheka. Kwa maneno hayo Clavery alifungia kila kipindi darasani, na wanafunzi wake walikuwa wakimwigiza mpaka barabarani.

"Tumeelewana, mwalimu."

Mwalo ulifunguliwa kwa watu wote wakati wa mvua za vuli. Mwanzoni Benigna alikuwa akiamka na hamu ya kuutazama. Watu walilima vibanja vyao vya migomba, wakavua, wakabadilishana ndizi kwa dagaa, wakalipana kwa simbi, yale makombe madogo, kama watu wa zamani. Walianzisha masoko mahali ambapo yeye hakupangia. Alikuwa ameweka pia vitu vidogo vya nyumbani. Mchezaji aliweza kupiga magoti kumwamkia mwenzake, kama binti wa Kihaya anavyomwamkia mkubwa. Na aliyesafisha samaki alibaki na matumbo mkononi. Asipoyafukia, kisiwa kilijaa inzi na watu wakaugua. Matumbo yale alijivunia sana. Alisema yatawafundisha watu usafi.

Mchana mmoja Privatus akamwonyesha video iliyokuwa ikisambaa. Mchezaji mgeni alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba kubwa katika kisiwa cha kusini. Wengine walimzunguka wakimrushia matumbo ya samaki, nayo yakanata kichwani na usoni pake. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wazima wakicheka.

"Hiki nini?" Benigna aliuliza.

"Sheria. Baraza la kisiwa kile limeipitisha. Ardhi yote ni ya wajumbe. Mgeni akitaka kibanja anapiga magoti, anarushiwa, ndipo anaonyeshwa pa kulima, na mavuno mengi yanakwenda kwa mkubwa wao. Mkubwa mwenyewe anajiita Mtwale. Wageni wanaitwa watwarwa."

Neno hilo Benigna alilijua. Bibi yake alizaliwa katika nyumba ya watwarwa, enzi za nyarubanja, wakati familia ilipoweza kupanda migomba kwa mikono yake na migomba ikawa ya bwana mwenye ardhi. Alishangaa ni nani kati ya wachezaji, wengi wao vijana, aliyekumbuka neno la zamani namna ile.

"Tuifute sheria hiyo," alisema.

"Tulikubaliana hatuingilii." Privatus alikuwa akila chapati, macho yake hayatoki kwenye video. "Halafu wachezaji wameongezeka mno tangu itoke. Burhani, yule bwana wa Dar es Salaam anayetafuta mchezo wa kununua, amepiga simu, ameupenda mchezo. Nilifikiri tuboreshe matumbo yanavyodondoka. Yawe yanateleza kidogo mpaka shingoni."

Benigna alimtazama akitafuna. Akainuka, akamwacha na chapati yake.

Jumapili, baada ya ibada, aliingia kwenye mchezo kama mtu wa kawaida. Angeweza kupita kama mtengenezaji, asionekane na asiguswe, lakini alitaka kuona mgeni anaona nini. Alijiandikisha kwa jina la Mkiwa, akazima kipaza sauti chake, akashuka mtumbwini kwenye kisiwa cha kusini. Walinzi wawili walimpokea pale pale ufukweni na kumpeleka kwenye ile nyumba kubwa.

Mtwale alitoka barazani amevaa kanzu ya magome ya mti, vazi ambalo Benigna mwenyewe alilichora.

"Piga magoti," alisema.

Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mtu anayejikaza, na Benigna hakuitambua. Alibonyeza, Mkiwa akapiga magoti. Tumbo la kwanza likamtua usoni. Watu wakaangua kicheko.

"Huyu hasemi," mmoja alisema.

"Atasema," Mtwale alijibu, na sauti yake ikaanza kulegea kwa raha. "Mwongezeeni. Mdomoni. Mgeni, hapa hulimi mpaka niseme, huvui mpaka niseme, na ukitaka kuondoka unaniomba ukiwa hivyo hivyo ulivyo. Tumeelewana, au hatujaelewana?"

Kisha akacheka. Benigna alikijua kicheko kile. Alikuwa amekisikia kanisani, nje ya mlango, Clavery akisalimiana na wazee. Alikuwa amekisikia nyumbani kwao siku ya utambulisho. Ila hakuwahi kukisikia kikiwa na utamu namna hii, kikirefuka, kikiwasubiri wengine wacheke ndipo kiendelee. Aliitupa simu kitandani kama mtu aliyeshika kitu kilichooza. Alinawa mikono, akanawa tena, wala haikuwa na uchafu wowote.

Kesho yake alipanda gari la Muleba, akashuka Muhutwe, akachukua pikipiki kupanda Kamachumu. Clavery alikuwa amerudi kutoka shuleni. Mama yake, Jovina, alimpokea Benigna kwa furaha.

"Karibu, mkamwana. Umekuja na njaa zako, natumaini."

Benigna akapiga goti kumwamkia, kama ilivyo desturi, na akiwa pale chini mwili ukamsisimka vibaya. Jovina alimwekea sahani ya katogo, ndizi zilizopikwa na utumbo wa ng'ombe. Benigna aliutazama utumbo ule, akaomba radhi kwamba tumbo lake si zima, akamwambia Clavery watoke nje.

Walisimama kando ya mibuni.

"Wewe ndiye Mtwale," alisema.

Clavery akatabasamu kama mtu aliyekutwa akila sukari. "Nani amekuambia?"

"Uliniambia huna muda wa kucheza. Una madaftari ya kusahihisha."

"Nilitaka kuona katiba yetu inavyofanya kazi. Benigna, sijavunja kitu. Tulipiga kura, nikashinda. Sheria ikapita. Yote kwa utaratibu tuliouandika mimi na wewe."

"Na hayo ya matumbo?"

"Vijana wanapenda. Ni mchezo tu."

"Sikuulizi vijana. Wewe unajisikiaje, mtu akiwa amepiga magoti mbele yako?"

Clavery aliangalia nyumba, kuhakikisha mama yake hasikii. Labda alidhani kusema kweli kungemsaidia.

"Vizuri," alisema. "Huko shuleni mkuu ananisema mbele ya wanafunzi, wazazi wananisema, kila mtu. Nikiingia kule, nikisema neno linafanyika. Kuna ubaya gani? Wale ninaowapigisha magoti ni picha, si watu."

"Jana mlikuwa na mgeni asiyesema."

"Yule bubu? Wewe umemwonaje?"

"Alikuwa mimi."

Clavery alinyoosha mkono kumshika bega, naye Benigna akarudi nyuma.

"Sasa kwa nini hukusema kwamba ni wewe?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya malalamiko kabisa, kama kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

Kwa Clavery kosa lilikuwa moja tu, kwamba aliyerushiwa matumbo alikuwa mtu anayemjua. Benigna aliingia ndani, akamuaga Jovina kwa adabu akiwa amesimama, akaondoka.

Alirudi Buhembe akiwa na jambo moja kichwani. Bila kumwuliza Privatus, aliandika kanuni mpya: mtu yeyote aweze kuondoka kisiwani wakati wowote na mavuno yake yote, na hakuna baraza la kumzuia. Kanuni ilipoanza kufanya kazi, watwarwa wa kisiwa cha kusini waliondoka kwa makundi, mitumbwi imejaa ndizi, wakahamia kisiwa cha kaskazini kisichokuwa na mtu. Mtwale akabaki na nyumba kubwa na walinzi wasio na wa kumlinda. Baadhi ya waliohama walimwandikia Benigna kumshukuru. Mmoja wao, Ismael, kijana wa Biharamulo, aliandika ujumbe mrefu kuhusu alivyodhalilishwa, na Benigna aliusoma huku machozi yakimlengalenga.

Haukupita muda Privatus akamwita aje aone. Kaskazini walikuwa wamechagua baraza. Mbele ya nyumba ya mwenyekiti kulikuwa na kiwanja kilichofagiliwa, na mgeni alikuwa amepiga magoti katikati. Aliyesimama mbele, matumbo mikononi, alikuwa Ismael.

"Si nilikuambia?" Privatus alisema. "Watu ndivyo walivyo. Hawa angalau wanajua kutuletea watazamaji."

"Kuna mambo hayapigiwi kura," Benigna alisema. "Tulipaswa kuanzia hapo, kabla ya ziwa, kabla ya migomba."

"Ukiyaondoa matumbo, Burhani hatautaka mchezo."

"Basi mchukue mchezo, wewe na Burhani. Jina langu lifuteni."

Privatus alidhani ni hasira tu, zitapita. Siku hiyo hiyo Benigna alimkabidhi kila kitu, akahamisha kompyuta yake kutoka chumba cha uani. Baadaye alisikia kwamba matumbo sasa yanateleza mpaka shingoni.

Lililobaki lilikuwa kumwambia mama yake. Anatolia alikuwa jikoni akimenya ndizi.

"Uchumba na Clavery nimeuvunja, mama."

Anatolia hakuinua macho. "Alikupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Sasa amefanya nini?"

Benigna akaanza kueleza habari za visiwa, baraza na simbi, akaona mama yake anapotea njia. Akaacha.

"Kulikuwa na mtu amepiga magoti mbele yake, anatupiwa uchafu," alisema. "Nikamsikia anacheka. Alikuwa anafurahi kweli, mama."

Anatolia aliweka kisu juu ya maganda. Akamtazama binti yake, mikono imejaa utomvu.

"Baba yako mdogo ndiye atakwenda Kamachumu kuwarudishia vitu vyao vya posa," alisema. "Wewe usiende huko tena."