Namba za Saa Nane Mchana

Katika nyumba ile salamu zilikuwa zimekufa. Hakuna aliyeuliza umeamkaje wala umelalaje. Watu walitoka vyumbani na tongotongo machoni, wakauliza moja kwa moja, "Ngapi leo?" Na huyo aliyeulizwa, mama wa nyumba, fundi cherehani wa miaka hamsini na miwili, alikuwa hajavaa hata kandambili.

Tangu aambiwe ana sukari, kidole chake kiligeuka mali ya umma. Kila asubuhi mumewe, shemeji yake na binti yake waliizunguka meza, kila mmoja akakisia namba, ndipo Fundi ajitoboe na kudondosha damu kwenye kipande cha kupimia kilichochomekwa kwenye mashine ndogo. Aliyekosea zaidi aliosha vyombo. Mchezo huo aliubuni binti, ambaye kwa kupenda kusimamia mambo ya watu wote walimwita Meneja.

"Saba," alisema mumewe.

"Tisa," alisema Shemeji. "Jana nilimwona na mkate."

"Kipande kimoja!" Fundi aling'aka. "Kimoja, tena kikavu!"

"Mama, vilikuwa viwili," alisema Meneja, macho yakiwa kwenye mashine. "Cha pili ulikilia jikoni."

Hebu niambie, mtu ataishije hivyo? Hata askari wa gereza hugeuza shingo mara mojamoja. Lakini Fundi alivumilia kwa sababu alikuwa na lake moyoni. Muuguzi wa kliniki alikuwa amempa wiki sita: ashushe sukari kwa vidonge, chakula na kutembea, la sivyo ataanza kujichoma sindano. Mama yake mzazi alianza sindano mwaka mmoja, akazikwa mwaka uliofuata, na hakuna mwenye elimu aliyeweza kumshawishi Fundi kwamba hayo mawili hayakuhusiana. Basi akaacha soda. Akaacha chai ya sukari, ambayo aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Alikwenda kwa miguu mpaka kwenye kiwanda cha sare za shule alikoshona kola kuanzia asubuhi hadi jioni. Na namba zikashuka kweli, kumi, nane, saba, akaziandika daftarini kwa mwandiko wa mtu anayejivunia.

Jambo moja tu lilimpandisha mori. Boksi la vipande hamsini vya kupimia, la kutosha siku hamsini, liliisha siku ya ishirini na tano. Aliponunua jingine, nalo likaanza kupungua kama lina tundu. Alipouliza, wote walijikausha.

Siku ya kliniki ilipofika alivaa gauni lake la maua na kwenda kupokea pongezi zake. Muuguzi, mwanamke mwenye miwani na maneno machache, alilisoma daftari, kisha akaichukua ile mashine aliyokuja nayo Fundi na kuibonyeza bonyeza.

"Daftari linasema saba," alisema. "Mashine inasema wastani wako ni kumi na moja. Mama, nani mwongo hapa?"

"Mashine inajuaje?"

"Inakumbuka kila ulichopima, na saa yake." Akamgeuzia kioo. "Asubuhi, saba. Sawa. Saa nane mchana, kumi na tano. Kesho yake saa nane, kumi na sita. Mchana unakula nini?"

Fundi aliduwaa. Hiyo mashine aliidhani inaonyesha na kusahau, kama mizani ya sokoni. "Saa nane mimi niko kazini! Mashine huwa nyumbani, kabatini! Hizo si zangu!"

"Wengi huniambia hivyo."

"Wengi si mimi!"

"Basi niletee mwenye damu hii kesho," alisema muuguzi akikunja karatasi. "Usipomleta, tunaanza sindano."

Alirudi nyumbani akipiga hatua ambazo zingeshusha sukari ya mtaa mzima. Wiki sita bila soda! Wiki sita za kuhesabiwa vipande vya mkate, halafu mtu na kidole chake kichafu anakuja kumharibia! Aliwakusanya wote watatu sebuleni na kubamiza mashine mezani.

"Nani anajipima saa nane?"

Shemeji ndiye aliyeanza kuapa. Alikiri alijipima mara moja, asubuhi, akapata tano nukta mbili, na kila mtu alijua hivyo kwa kuwa alilitangazia duka zima anakouza. Mume alikiri alijaribu kujitoboa, akaona tone la damu, akalazimika kulala chali sakafuni.

"Mimi na kile kidude tumeachana," alisema.

Fundi alimgeukia Meneja, akingoja jibu, kwa sababu Meneja hakukosa jibu tangu alipoota meno. Meneja alikuwa anatazama zulia. Kazi yake ya mapokezi hotelini ilianza saa kumi. Saa nane alikuwa nyumbani peke yake.

"Leta mikono," alisema Fundi.

Miaka thelathini ya ushonaji ilikuwa imemfundisha alama za sindano. Ya cherehani hukuchoma popote inapokukuta. Hizi zilikuwa vidoti vyeusi ubavuni mwa vidole, kidole baada ya kidole kwa zamu, vilevile muuguzi alivyoelekeza ili pasiume.

"Mara ya kwanza nilitaka kujua tu," alisema Meneja. "Wewe ulikuwa na namba, na mimi nikataka yangu. Ikasema kumi na nne. Nikadhani nina sukari mikononi, nikanawa, nikarudia."

"Ukarudia mwezi mzima?"

"Nilikuwa nangoja ishuke. Nakula unachokula wewe, mama. Kila asubuhi naangalia yako. Ikishuka yako najiambia, leo na yangu itashuka." Akafuta pua kwa kiganja. "Haishuki."

Hapo ndipo Fundi alipoelewa kwa nini mtoto huyu alimkalia kooni namna ile, na jinsi yeye alivyomchukia kimoyomoyo kwa ajili ya mkate. Lakini hasira ina mwendo wake, haisimami ghafla.

"Mpumbavu we! Kwa nini hukusema?"

"Mwambie nesi ni zako. Kwako wameshazoea."

"Nichomwe sindano ya sukari isiyo yangu? Unataka kuniua? Kesho asubuhi unavaa viatu, tunakwenda."

Wakaenda. Fundi alikuwa bado amevimba, akipanga maneno atakayomtupia muuguzi yule asiyeamini watu.

Hakupata nafasi ya kuyatumia. Muuguzi alimtoboa Meneja kidole, akasoma kumi na saba. Akachukua kalamu nyekundu na kuzikata namba zote za saa nane kwenye karatasi ya Fundi, mstari baada ya mstari. Akapiga hesabu upya.

"Samahani, mama. Wastani wako ni saba. Umefanya kazi kubwa sana. Sindano hatuihitaji."

Hicho ndicho alichokitaka wiki zote sita. Alikiota, alikipigania jana mpaka sauti ikamkauka. Sasa muuguzi alikuwa anafungua kadi mpya, nyeupe, isiyo na alama, na kumuuliza Meneja umri wake. Meneja akajibu ishirini na mitatu, kwa sauti ndogo ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu binti huyo yuko darasa la kwanza.

"Nesi," alisema Fundi. "Zile ulizozikata. Ziandike tena kwangu."

Muuguzi aliinua macho.

"Mimi nitachomwa. Nimekubali. Ziandike kwangu."

"Haiwezekani, mama," alisema muuguzi kwa upole, akamwomba anyanyuke kwenye kiti cha mgonjwa ili binti akae.