Hotuba ya Papa Raoul

Tasnim, mzaliwa wa Bujumbura, alisomea misitu katika chuo kikuu cha umma kusini mwa Afrika, chenye kampasi tatu: mjini, ziwani na milimani. Alipohamia Brussels shahada yake haikutambuliwa, akaishia mtaa wa Uccle akimtunza Raoul, profesa mstaafu aliyewahi kufundisha chuoni humo humo. Waliongea Kiswahili, maana mzee aliwahi pia kuishi Bukavu.

Mwezi Mei Raoul alialikwa kuwahutubia wasomi wenzake kuhusu chuo hicho, kwenye mtaa wa Ixelles. Alimsomea Tasnim aliyoyaandika: “Shahada ya chuo hiki ni sawa kabisa na ya kwetu Ubelgiji.”

“Na yangu, Papa Raoul?”

“Bon, yako ni mambo ya karatasi tu, maman.”

Tasnim akamweleza pia kwamba ile maktaba ya kampasi ya milimani aliyoisifia katika hotuba haikujengwa kamwe. Vitabu vilikaa masandukuni, kwenye ukumbi wa chakula. Raoul alinuna, kisha akaifuta sentensi.

Siku ya hotuba Tasnim alimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mbele, akaketi pembeni. Makofi yalipotulia, mwanamke mmoja aliuliza kama wahitimu wa chuo hicho wanapata kazi Ulaya.

“Bila shaka!” Raoul alimwonyesha Tasnim kwa furaha ya kweli. “Huyu hapa anafanya kazi kwangu.”

Watu wakamgeukia, wakauliza anafanya utafiti gani. Tasnim alisimama.

“Ninamwogesha,” alijibu.

Ukumbi mzima ulicheka, ukidhani ni mzaha wa kisomi. Raoul peke yake hakucheka.