Mara Tatu Ukutani

Mwalimu aliandika ubaoni neno la Kiingereza, "exaggerate", akaeleza: kutia chumvi, kulikuza jambo kupita lilivyo. Darasa lilikuwa la watu wazima, akamwomba kila mmoja atunge sentensi.

Kinyozi akasema mkewe hutia chumvi kwenye maneno, kwenye mchuzi husahau. Wakacheka.

"Kwa Kiingereza chumvi hiyo haimo," mwalimu akamwambia. "Mchuzi utabaki vilevile."

Zamu ikamfikia fundi cherehani, mwanamke asiye na makuu. Akasema polepole, kwa Kiingereza, kwamba yeye hatii chumvi: shangazi yake aliyefariki hugonga ukutani mara tatu kila cherehani inaponyamaza.

Hapo wakacheka mpaka machozi.

"Kitenzi umekipatia, dada," mwalimu akasema. "Ila mfano wenyewe ni chumvi tupu."

Fundi akaketi.

Jumamosi mchana mwalimu alikwenda kwake kupimwa sketi. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda upande huu, cherehani upande ule, imeegemezwa kwenye ukuta ambao nje yake kuna uwanja mtupu. Fundi alimalizia pindo, akaondoa mguu kwenye kanyagio. Kukawa kimya.

Ndipo ukuta ukagongwa, chini, usawa wa mtu aliyeketi. Mwalimu alihesabu. Tatu zikapita. Kumi zikapita. Alipofika kumi na tisa akaacha, maana sauti ilibadilika: humo ndani ya ukuta mkasi ulikuwa ukikata kitambaa, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka.

Alichungulia dirishani. Uwanjani hapakuwa na mtu.

"Mbona ulituambia mara tatu?" akauliza.

"Nilipunguza, mwalimu. Nilidhani tatu mtazisadiki."

Mwalimu aliona haya kuliko alivyoona hofu. "Nisamehe, mdogo wangu. Shika huku, nami nishike huku."

Wakaibeba cherehani hadi nje, wakarudi kuchukua vitambaa na godoro. Mkasi haukukoma hata walipofunga mlango.

Tangu siku hiyo fundi anashonea barazani kwa mwalimu. Mwenye nyumba alikipaka chumba rangi mpya akapata mpangaji, mzee kiziwi, ambaye hana lalamiko lolote. Husema tu kwamba kila asubuhi hukuta vipande vya kitambaa chini ya ukuta, vimekatwa sawasawa kwa kipimo cha mwili wake.