Koleo la Kando ya Jiko

Tuyara alikuwa akiliona lile daraja hata macho yakiwa wazi: limelala juu ya mto kama ng'ombe aliyeshiba, na mama yake akivuka taratibu na ndoo ya maziwa. Kijijini kwao, huko Yakutia, nchi ya baridi kali, daraja hakuna. Watu huvuka juu ya barafu, na ikianza kulegea mto hula mtu. Mwaka juzi ulimla baba yake.

Ndiyo maana asubuhi ile, katika maabara alikokuwa mkaguzi wa chuma cha daraja lililopangwa kujengwa kwao, mkono ulimwasha kutia sahihi ya kukikubali. Vipande vitatu vya chuma hicho vilikuwa vimelowekwa kwenye spiriti, nyuzi sitini chini ya sifuri, kisha vikapigwa na nyundo kubwa ya kuning'inia. Vyote vilipinda tu, havikuvunjika. Daraja lingesimama kabla barafu haijalegea!

"Sahihi, mwanangu, chai inapoa," alisema Uybaan, fundi wa maabara, akirudisha koleo lake kando ya jiko.

Nje, pumzi za wapita njia ziliganda zikinong'ona. Kwao husema nyota zinasemezana. Tuyara alisikiliza kama aliye usingizini, macho yakiwa kwenye koleo.

"Mjomba, hilo huwa unaliweka hapo kila siku?"

"Niliweke wapi, mfukoni? Chuma baridi kinabandua ngozi. Vidole vyangu bado navihitaji!"

"Ala! Kipande kinatoka kwenye baridi, unakibana na koleo la moto, halafu tunasema kimestahimili baridi! Mjomba, tumepima chuma kilichoota moto!"

Uybaan akalichukua koleo kando ya jiko. Wakalizamisha koleo kwenye spiriti pamoja na kipande cha nne, wakangoja. Safari hii Uybaan alivaa glovu mbili mbili. Nyundo ikashuka. Paa! Kipande kikakatika vipande viwili kama donge la sukari.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Uybaan.

Kilikuwapo chuma kingine, chenye nikeli, kisichovunjika kwa baridi ile. Lakini kingefika barafu ikiwa imeshayeyuka. Tuyara aliandika huku analia: hiki kikataliwe, kiagizwe kile. Kisha akampigia mama yake.

"Mama, daraja si mwaka huu. Nimelikataa mimi."

"Umelikataa wewe?"

"Lingevunjika na watu juu yake. Mama, barafu ikianza kulia usivuke. Niahidi."

"Na ng'ombe wa ng'ambo utakuja kuwakamua wewe?"

Tuyara alishikilia simu sikioni, akimsikiliza mama yake akipumua.