Kitambaa cha Binzari

Nilikuwa bado ndani ya eda Abbasi alipokuja kuniposa. Alikaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu Mabruki, ndugu yake wa tumbo moja, akasema, "Shemeji, nyumba haikai bila mwanamume. Eda ikiisha nitakurithi, mambo yabaki ndani ya ukoo."

Nilimjibu nikiwa nyuma ya pazia. "Kinachorithiwa ni sufuria, Abbasi. Na mkeo Swaumu umemwuliza?"

"Swaumu haulizwi. Anaambiwa." Akasimama, akakung'uta kanzu yake. "Utanijia mwenyewe kwa miguu yako."

Maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimewasamehe watu wengi katika maisha yangu, lakini Abbasi sijamsamehe, na wala sijilazimishi.

Nilipotoka eda nikakuta ameninyang'anya kitalu. Hapa Itetemia, mimi na Mabruki tulikuwa tukiotesha miche ya michungwa kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea, visivyo na hata chembe ya udongo. Udongo wa kiwanja chetu ulikuwa na ugonjwa, mizizi ilioza miche ikiwa michanga. Bwana shamba, Bwana Wenceslaus, ndiye aliyetufundisha kuchanganya maranda ya mbao yaliyokwisha kuoza, pumba za mpunga na mboji, kisha tukapanga viriba juu ya vichanja. Kijiji kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa, kitalu kikawa mali ya wote, na wazee wakaamua kwamba mtunzaji atoke nyumba ya Mabruki. Mimi nikiwa bado edani, Abbasi alisimama mkutanoni akasema nyumba ya Mabruki ni yeye. Wazee wakaitikia, mimi nikapewa jembe nikalime mihogo ya kijiji.

Nilitaka kitalu changu kirudi. Sikutaka kingine, ila na Abbasi aumbuke, hilo nalo nilitaka sana.

Kitu asichokijua Abbasi ni maji. Kisima chetu kina magadi. Mwenye udongo anaweza asijali, maana udongo ni mvumilivu, hupoza ukali wa maji kabla haujaufikia mzizi. Maranda hayana uvumilivu huo, na mche hunywa magadi kama yalivyo. Bwana Wenceslaus alituonya mapema, akatuachia vikaratasi vyake vya kupimia. Vilipokwisha nikapata vyangu jikoni. Mwanamke gani hajui kwamba doa la binzari likiguswa na sabuni hugeuka jekundu? Sabuni, majivu, magadi, vyote ni ukali wa aina moja. Basi nilipaka binzari kwenye kitambaa cheupe, nikawa nakichovya ndooni kila asubuhi. Kikiiva wekundu, natia maji ya ukwaju kidogo kidogo, nachovya kipande kingine, mpaka kibaki na umanjano wake. Hapo ndipo mche unakunywa. Ukwaju nilikuwa nikiletewa.

Abbasi aliwahi kuniona nikiingia kitaluni na karai la majivu. Majivu yale nilikuwa nikiyamwaga chini, kuzunguka miguu ya vichanja, kuzuia mchwa. Nani Unyamwezi hamwagi majivu kuzuia mchwa? Lakini yeye aliliona karai tu, hakungoja kuona linapomwagwa. Alipokikamata kitalu akayachanganya majivu ndani ya viriba, kisha akamwagilia maji ya kisima. Akachanganya magadi na magadi mwenzake, na kifua mbele.

Majani yakaanza kugeuka. Kwanza yale machanga ya juu, manjano matupu, ila mishipa ikabaki kijani. Mimi nilipita pale kila siku nikienda kwenye mihogo, jembe begani, nikamsalimia kwa sauti tamu kuliko asali ya Ipole. "Waonaje hali, shemeji? Miche haijambo?" Nilifurahi. Wanaosema kisasi kichungu hawajakionja.

Siku moja akaja mlangoni kwangu. Alikuja yeye, kwa miguu yake.

"Shemeji, ile miche mlikuwa mkiitia nini? Majivu, sivyo?"

"Si uliniona nayo?" nikamwambia.

Akaenda akaongeza.

Safu ya kwanza kufa ilikuwa ile aliyoibebesha Mabruki kwa mkono wake, vikonyo vya mchungwa juu ya mashina ya mindimu, wiki chache kabla hajalala asiamke. Nililia jikoni peke yangu, nikitazama umanjano wa ile miche moyoni. Kinywa kilinijaa maneno ya kumwambia Abbasi aache. Nikajifuta uso, nikameza maneno. Hata leo ungenirudisha siku ile ningeyameza tena.

Mvua zilipokaribia, mwenyekiti akaitisha mkutano palepale kitaluni, Bwana Wenceslaus naye akaja, maana shamba la michungwa la kijiji lilikuwa limekwisha kuchimbwa mashimo na miche ya kulijaza inakufa. Abbasi hakungoja kuulizwa.

"Nimerogwa!" akapiga kelele. "Mwanne huyu! Kila asubuhi anapita hapa, anachekacheka na miche yangu. Afukuzwe kijijini!"

Watu wakanigeukia. Wanawake wamefukuzwa kwa maneno machache kuliko hayo. Mwenyekiti akaniuliza nina la kujibu.

"Ninalo," nikasema. "Naomba ndoo ya maji ya kisima na kata ya maji ya mtungini, ya mvua iliyopita."

Nikatoa kitambaa cha binzari kwenye pindo la kanga, nikakichana vipande. Cha kwanza nikakichovya kwenye maji ya mvua, kikabaki vilevile. Cha pili nikakichovya ndoo ya kisima, kikaiva wekundu mbele ya macho yao. Kisha nikachota kwa kiganja gao la maranda kutoka kwenye kiriba cha Abbasi, nikalikoroga katika yale maji ya mvua yaliyosalia, nikachovya cha tatu. Kikawa kama damu.

Bwana Wenceslaus akatikisa kichwa. "Majivu. Nani ametia majivu ndani?"

Wanawake walikuwa wameshaanza kucheka. Bi Kuluthumu akasema kwa sauti, "Loo! Uchawi wenyewe ndio huu? Huu si hata mimi nauona nikifua?" Kicheko kikavuka mpaka upande wa wanaume. Abbasi akatazama huku na huku akitafuta uso usiocheka, akaukuta wa mkewe. Swaumu alikuwa amesimama kando, mikono kifuani.

"Ulijua?" akamwuliza.

"Kuhusu maji?" Swaumu akasema. "Nilijua. Ukwaju unatoka mti wa nyuma ya nyumba yetu, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea Mwanne. Na majivu uliyachota jikoni kwangu, mbele yangu."

"Miezi yote hii! Mbona hukuniambia?"

Swaumu akamtazama kwa utulivu, kama anayetazama iwapo chungu kimechemka.

"Mimi siulizwi, mume wangu. Naambiwa."

Mwenyekiti aliponirudishia kitalu palepale, Swaumu akaokota ndoo, akanijia, akauliza tuanzie safu ipi.