Walii Aliyehudhuria kwa Simu

Kaka yangu Yassir amekaa miaka kumi na mmoja katika kizuizi cha jeshi, kwenye nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, na hajapelekwa mahakamani hata siku moja. Zamani nilikuwa nikilia. Siku hizi nakwenda kazini, nawaogesha wazee wa Kiswidi, narudi Akalla, pembezoni mwa Stockholm, napika, nalala. Moyo umekufa ganzi, wala sioni haya kusema.

Mwezi wa pili ikaja barua: bodi ya jeshi itazipitia upya tuhuma zake. Kubwa ni kwamba Jumamosi moja ya Machi 2013 alikuwa jangwani, katika kambi ya wapiganaji. Mwenye ushahidi autoe.

Tarehe hiyo naijua. Ndiyo siku niliyoolewa, hapa hapa Akalla. Baba alikwisha fariki, kwa hiyo walii wangu, yaani mwenye haki ya kuniozesha, alikuwa Yassir, na aliniozesha kwa simu. Shekhe aliiweka simu mezani, akaongeza sauti, Yassir akatamka, bwana harusi akakubali, tukala pilau. Fomu ya cheti haikuwa na nafasi ya simu. Shekhe wetu, mtu wa kurahisisha mambo, Mungu amsamehe, akaandika kwamba walii alihudhuria, Stockholm.

Nilikitoa cheti kabatini nikakisoma mara tatu. Kilikuwa na mhuri. Nikakituma.

Siku ya kikao nilikaa jikoni mbele ya kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na ofisa mmoja mpole na mkalimani Mkenya, Wanjugu.

"Dada, anauliza kama ndugu yako alikuwa na wewe chumbani siku hiyo."

"Alikuwepo."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Alikaa karibu na shekhe. Alikula pilau."

Uongo ulinitoka laini kabisa. Sikuona hofu, sikuona aibu.

Ofisa akafungua jalada, akasoma taratibu. Wanjugu alipoanza kutafsiri, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Dada, haya ni maelezo ya ndugu yako mwenyewe, tangu mwaka wa kwanza. Anasema hajawahi kufika Sweden. Siku hiyo alikuwa Khartoum, kwa tanuri la mikate alikofanya kazi, akakuozesha kwa simu. Wenzake walishangilia, na wewe uliwasikia. Hao wenzake hawajulikani walipo. Anasema shahidi aliyebaki ni wewe."

Niliwasikia kweli. Walipiga kelele za furaha mpaka shekhe akawaomba watulie amalize dua.

"Anauliza, kati yenu wawili, nani anadanganya?"

"Mimi," nikasema. "Mwambie ni mimi. Niliwasikia, wallahi niliwasikia."

Ofisa aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema maneno machache.

"Ameandika kwamba shahidi amebadilisha maelezo yake," Wanjugu akasema. "Anakushukuru kwa muda wako, dada. Kikao kingine ni baada ya miaka mitatu."